Babu wa Darasa Zima

Darasa letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyakula vya kuku. Anayeijua Mwanza anaijua harufu ya dagaa waliosagwa, na asiyeijua asiombe kuijua. Mwalimu alikuwa na kopo la kunukisha chumba, lenye harufu ya matunda ambayo hayaoti kwetu, na alilipuliza kabla ya kila kipindi. Dagaa hawakuondoka, walipakwa manukato tu. Nilikaa miezi mitano ndani ya harufu hiyo, na mpaka leo nikimsikia mtu anaongea Kiingereza kizuri pua yangu inajikunja yenyewe.

Mimi ni muuguzi. Hospitali moja ya ng'ambo ilikuwa imenikubali, barua ninayo, ila kwa sharti kwamba nifanye mtihani wa Kiingereza na kupata saba katika kila sehemu. Sehemu zenyewe ni nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Ukipata sita na nusu hata katika sehemu moja, barua yako ni karatasi ya kufungia vitumbua. Zile tatu za kwanza sikuwa na hofu nazo. Kuzungumza ndiko kulikonipandisha zile ngazi.

Tatizo langu ni la asili. Mimi ni wa Ukerewe, na kwa Mkerewe wa kweli R na L ni nguo mbili za mtu mmoja, anavaa iliyo karibu. Mama yangu mpaka leo anasema chakura, anasema kurara, na hakuna mtu aliyewahi kukosa chakula au usingizi nyumbani kwake kwa sababu hiyo. Shule ilininyooshea Kiswahili changu. Kiingereza changu hakikupata wa kukinyoosha, na nikishikwa na woga au uchungu ndimi zote mbili zinarudi Ukerewe bila kuaga.

Siku ya kwanza mwalimu alimtaka kila mmoja asimame aeleze, kwa dakika mbili, habari za mtu ambaye hatamsahau. Alikuwa kijana mwenye shati lililobana, aliyewahi kukaa ng'ambo miezi kumi na moja, na miezi hiyo kumi na moja tuliisikia mpaka tukaijua siku kwa siku. Tulikuwa ishirini na wawili. Wenzangu walieleza habari za walimu wao wa hesabu na wachungaji wao. Mimi, kwa ujinga ambao sijausamehe, nikaeleza habari za baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa mitumbwi. Alichonga, alipasua mbao, aliziba nyufa kwa pamba, na hakujua kuogelea. Nilikuwa na miaka tisa siku alipoondoka asubuhi kupeleka mtumbwi uliokwisha kutengenezwa kwa mwenyewe, ng'ambo ya ghuba. Chakula kilichelewa siku ile, kuni zilikuwa mbichi, akaondoka bila kula. Mtumbwi ulionekana jioni ukielea peke yake. Watu walikaa ufukweni siku tatu kusubiri mwili. Mama alipika ugali na sato, akapakua, akafunika sahani kwa sahani nyingine, akaenda kuiweka juu ya jiwe karibu na maji. Alisema mtu aliyeondoka na njaa hana nguvu za kurudi.

Hayo ndiyo niliyoyaeleza pale mbele, kwa Kiingereza changu. Nilipofika mahali pa kusema kwamba ziwa lilimchukua baba, nilisema "rake" badala ya "lake".

Mwalimu alininyooshea kidole nisimame hapohapo.

"Sista, rake ni reki. Ile ya kukusanyia majani. Kwa hiyo reki ilimchukua mzee?"

Darasa likacheka. Si kicheko kibaya sana, wote tulikuwa na woga na kila mmoja alifurahi kwamba si yeye. Lakini na mimi nilicheka. Nilisimama pale, baba yangu yuko majini, nikacheka ili nionekane mtu wa kuchukuliana na watu, kisha nikamalizia habari yangu mpaka kwenye sahani. Katika yote yaliyofuata, kicheko kile ndicho kinachonichefua zaidi.

Dawa ya L kwa mwalimu ilikuwa vijiti vya aiskrimu. Unaweka kijiti chini ya ulimi, unausukuma ulimi juu, unasema "lake, plate, lake, plate" mpaka mate yanakutoka. Tuliohitaji dawa hiyo tulikuwa sita. Vijiti vilikaa kwenye kikombe cha maji dirishani, na baada ya kipindi vilirudi kwenye kikombe hichohicho, na kesho yake maji yalikuwa yaleyale, yana ukungu kidogo. Mimi, niliyewahi kumfokea mwanafunzi wa uuguzi mbele ya wodi nzima kwa sababu ya kipimajoto kisichofutwa, nilifungua mdomo. Kijiti kilikuwa laini kwa sababu ya kulowa, na kilikuwa na ladha ya watu. Nikasema "plate".

Wiki iliyofuata, baada ya kipindi, mwalimu alinivuta pembeni. Akaniambia simulizi yangu ilikuwa na nguvu, kwamba mtahini naye ni binadamu, kwamba watu wengi wanafeli kwa sababu hawana kitu cha kugusa moyo. Aliuliza kama anaweza kuitumia kidogo darasani, kama mfano. Nilijiona mtu. Nikasema, "Itumie tu, Mwalimu." Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki nilikivalisha mwenyewe.

Jumatatu tukakuta karatasi mezani, kila mmoja na yake. Nilisoma mstari wa kwanza nikadhani ni jambo jingine. Baba alikuwa amegeuzwa babu, kwa sababu, mwalimu alieleza, babu aliyekufa anamfaa mtu wa umri wowote. Fundi wa mitumbwi alikuwa amegeuzwa mvuvi, kwa kuwa mtahini hatapata taabu kumwelewa. Mama alikuwa bibi. Jua lilikuwa likizama kwa rangi tatu, kila rangi na neno lake gumu la kuongezea alama. Na ugali na sato havikuwepo. Kwenye sahani ya mama yangu kulikuwa na mkate uliokatwa vipande viwili na kupakwa siagi, na nyanya katikati.

Sehemu moja mwalimu alikuwa ameweka alama ya nyota kwa kalamu nyekundu. Ni pale panaposema kwamba familia ilisubiri siku tatu. Akasimama mbele akatuonyesha.

"Hapa usikimbie. Sema siku tatu, halafu nyamaza. Angalia chini. Hapa meza mate. Halafu endelea."

Ishirini na wawili tukasema siku tatu, tukanyamaza, tukaangalia chini, tukameza mate. Niliwasikia wakimeza. Tulirudia mara nne, kwa sababu mmoja alikuwa akiangalia juu.

Mtu atauliza mbona sikuondoka. Nami nimejiuliza. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilishayavulia kila kitu: likizo yangu ya mwaka, zamu nilizobadilishana na wenzangu mpaka nikaanza kuchukiwa, ile barua iliyokuwa na siku yake ya mwisho. Tena, na hili ni gumu kulisema, ile karatasi ilikuwa nzuri. Kiingereza chake kilinyooka. Nilikwenda nayo Buswelu ninakokaa, nikawa naikariri nikiosha vyombo, na baada ya wiki mbili nikimkumbuka baba nilimwona na wavu begani. Baba yangu hakuwahi kushika wavu. Alikuwa akinuka vumbi la mbao, na mimi nilikuwa namnusa samaki.

Darasani likazaliwa neno. Kufanya zoezi la kuzungumza kukaitwa kumzamisha babu. "Leo umeshamzamisha?" "Bado, nimzamishe baada ya chai." Walikuwa watu wazuri, naapa. Aliyekuwa akikaa karibu nami alikuwa mfamasia wa kwao Bujora, familia ya ng'ombe, mtu wa utani mwingi. Babu yake yuko hai. Siku moja tukishuka ngazi aliniambia kwa sauti ya chini:

"Sista, nina jambo linanisumbua. Jumapili nilikwenda nyumbani. Babu kaniona, kafurahi, nikampa shikamoo. Alipoitikia marahaba nikasikia baridi. Nimemzamisha mara ngapi wiki hii? Huu si uchuro?"

Nilimwambia ni uchuro, ndiyo. Nikamwambia atumie jambo jingine, babu yake ana mambo mengi ya kusimulia.

"Babu yangu ana ng'ombe tu," alisema. "Ng'ombe hawafikishi saba."

Hakujua, na wala wengine hawakukumbuka, kwamba babu yule alikuwa baba yangu. Siku ya kwanza kila mtu alikuwa akitetemekea zamu yake, nani alikuwa anasikiliza? Walikumbuka reki tu. Kwa muda mrefu niliitwa Sista Reki, kwa upendo.

Wiki tatu kabla ya mtihani, muuguzi mwenzangu wa wodi ya watoto, ambaye hakuwa darasani kwetu na hajui habari zangu za ndani, alinitumia faili kwenye simu. Alisikia najiandaa, akataka kunisaidia. Juu yake kulikuwa na ile alama ya kwamba ujumbe umeshasambazwa mara nyingi. Nikaufungua nikiwa nimesimama chumba cha sindano. Alikuwa babu. Alikuwa na wavu, na machweo ya rangi tatu, na mkate wa siagi, na hata ile nyota mtu alikuwa ameiandika kwa maneno: nyamaza, angalia chini. Mwenzangu alisema kaipata kwa shemeji yake wa Dodoma. Nilimshukuru, kisha nikaenda kunawa mikono kama mtu anayetoka kwenye kidonda.

Siku ya kuzungumza tulipangiwa wengi siku moja, kwenye hoteli iliyo mjini, katika chumba cha mikutano chenye mapazia mazito yaliyokuwa yakinuka vumbi na sherehe za jana. Mtahini alikuwa mtu mzima, mpole, ametoka nje ya mkoa. Tulikaa kwenye viti vya korido tukisubiri kuitwa. Mfamasia aliingia kabla yangu. Alipotoka alikuwa anang'aa. Hakuruhusiwa kuzungumza nasi, lakini alipokuwa akipita aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu, akanong'ona: "Nimemzamisha."

Nikaitwa. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri, kazi yangu, nyumba ninayokaa. Kisha akanisogezea kadi. Kadi ilisema nieleze habari za mtu wa familia yangu aliyeniathiri. Nilikuwa na dakika moja ya kujiandaa, na katika dakika hiyo nilifanya uamuzi ambao hata leo nauona ni wa haki: nitasema ya kweli. Baba, si babu. Fundi, si mvuvi. Ugali na sato.

Nikaanza. Na L zangu zilikuwa safi ajabu. Vijiti vilikuwa vimefanya kazi yake. Nilisema ziwa lilimchukua baba, na ilitoka "lake", imenyooka kama ya mtangazaji. Nikaeleza ufukwe. Nikasema siku tatu. Na hapo, sikukusudia, Mungu ni shahidi wangu, nikanyamaza, nikaangalia chini, nikameza mate. Mwili wangu ulikuwa umezoea.

Nilipoinua macho, mtahini alikuwa ameweka kalamu chini. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema kwa upole kwamba habari hiyo ameshaisikia, amemsikia mtu huyo mara kadhaa asubuhi hiyo, na je, ninaweza kumweleza juu ya mtu wa maisha yangu mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hawakusema ni fupi kiasi gani kwa mkweli anayepita njia hiyohiyo nyuma ya waongo ishirini na mmoja.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mwalimu hakulipata, kwa sababu sikulitoa. Darasani siku ile mwalimu aliuliza kile chakula cha juu ya jiwe kiliishia wapi, nikasema labda kililiwa na mbwa. Hawakuwa mbwa. Siku ya pili, mchana, mtu alipiga kelele upande wa miamba kwamba ameona koti, na watu wote wakakimbilia huko. Nilibaki peke yangu na lile jiwe. Nyumba ya msiba imejaa watu, na mtoto anasahaulika. Nilikuwa sijala tangu jana yake asubuhi. Nilifunua sahani nikala ugali wote na sato wote, nikalamba hadi mchuzi, nikafunika tena, nikaenda kukaa mbali. Mama aliporudi akafunua. Aliitazama ile sahani kwa muda, kisha akawageukia wanawake waliokuwa naye, uso wake umelainika, akasema, "Amekura." Kesho yake asubuhi mwili ukaibuka, karibu kabisa na jiwe. Mpaka leo mama anasema hivyo kwa mtu yeyote anayempa pole: kwamba mume wake alikula kwanza, ndipo akapata nguvu za kuja.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Ningemwambia nani, kwa lugha gani? Katika Kikerewe ni tusi kwa marehemu, katika Kiswahili mama anaelewa. Lakini pale mbele ya mtu mpole asiyenijua, katika lugha ambayo mama hana hata salamu yake, jambo lile likapanda lenyewe hadi mdomoni. Nikasema si babu. Nikasema ni baba yangu, na mimi ndiye niliyekula kile chakula. Nilitaka kusema hivyo. Lakini uchungu ulikuwa umenishika, na kwetu mtu husema amemaliza sahani, amekula sahani nzima, na Kiingereza chote cha miezi mitano kikaniacha. Nikasema nilikula sahani. Na nikasema "prate".

Mtahini aliinama mbele kidogo, akitaka kweli kuelewa.

"Ulikula nini?"

Nikarudia. "Prate."

Akasema asante, akaendelea na swali la usafiri wa umma.

Matokeo yalikuja kwenye simu nikiwa zamu. Kusikiliza nane, kusoma saba na nusu, kuandika saba. Kuzungumza sita. Mfamasia alipata saba na nusu. Sasa yuko huko, hutuma picha za theluji. Mwalimu aliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba anatupongeza wote, na kwamba toleo jipya la simulizi liko tayari, safari hii anayezama ni bibi. Nilijitoa kwenye kundi. Nilitaka kumwandikia maneno, nikayaandika, nikayafuta. Aliniuliza na nilimpa. Ningemwambia nini, kwamba kaniibia kwa ruhusa yangu?

Kilichonikaa kooni si ile sita. Nilikuwa na jambo moja tu duniani lililokuwa la kwangu na la baba, nikalitoa mezani kama mtu anayetoa kitambulisho mlangoni, ili nipate nusu alama. Na halikuipata hata hiyo. Nikilifikiria nasikia ile ladha ya kijiti.

Mwisho wa mwezi nilipanda meli kwenda kumwona mama. Alikuwa anajua kwamba nimefanya mtihani, hakujua matokeo, na sikuwa na haraka ya kumwambia. Nilimkuta jikoni, mchana, anasonga ugali. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuacha mwiko. Nikakaa kwenye kigoda changu cha siku zote.

"Walikuuriza nini, mwanangu?" alisema.

"Waliniuliza habari za mtu wa familia yangu. Nikawaambia habari za baba."

Mwiko ukasimama.

"Kwa Kizungu?"

"Ndiyo, mama."

"Uriwaambia na ya sahani?"

"Na ya sahani."

Alingoja niendelee. Sikuendelea, akauliza mwenyewe, kwa sauti ndogo kama anayeuliza majibu ya daktari. "Wakasemaje?"

Nilitafuta jibu ambalo si uongo.

"Walisema wameshamsikia."

Mama aliipua sufuria, akaiweka chini. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, moshi au si moshi, sikuuliza. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia.

"Kumbe anajurikana mpaka huko," alisema.

Akanipakulia ugali na sato, akanisogezea.

"Kura, mwanangu. Umetoka mbari."

Nikala. Sahani hiyo nayo niliimaliza.